Tetekuwanga Iliyonikuta Remba

Iko asubuhi moja ya miaka ya tisini ambayo naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa kisiwani Remba, nikinunua omena, wale dagaa wa ziwani. Mimi Mkuria wa Ntimaru, Kijaluo changu kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo kila mtu niliongea naye Kiswahili. Niliamka mwili wote unauma, homa imenishika, na kifuani hadi usoni vipele vyenye maji, vinaniwasha kama niliyelalia upupu.

Nami nilikuwa na safari. Dada yangu, aliyeolewa mjini Homa Bay, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza baada ya kungoja miaka mingi, na alikuwa ameniita. Nikajifunika leso mpaka shingoni, nikachukua mfuko, nikashuka ufukweni.

Remba ni mwamba mdogo uliojaa nyumba za mabati. Jirani akipiga chafya, wewe ndiye unayejifuta. Siri haikai pale. Wanawake waliokuwa wakianika omena waliuona uso wangu, wakasogea kando. Mmoja akanong'ona kwamba ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko. Mwingine akapaza sauti, "Mpandisheni mashua aende kwao!" Niliona aibu, lakini moyoni nilifurahi. Si ndiyo safari niliyoitaka?

Hapo akatokea Dani Achola, mama mzee aliyenipangisha chumba. Dani ni bibi kwa Kijaluo, na kisiwa kizima kilimwita hivyo. Alinifunua leso, akanitazama kwa karibu bila kuogopa kunigusa.

"Hii si chira, ni tetekuwanga," akasema. "Mimi niliugua nikiwa mtoto. Na nyinyi mnaotaka apande mashua, mmemwona aliyeketi humo?"

Ndani ya mashua alikuwa mke wa fundi wa nyavu, mimba yake kubwa.

"Mnataka kuufukuza ugonjwa au kuusambaza?"

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, nyar Kuria, binti wa Wakuria, mfuko huo unaenda wapi?"

"Kwa dada, Dani. Amejifungua. Ananingoja."

"Na huyo mtoto mchanga utambeba kwa mikono hiyo?"

Nililia mbele ya watu wote. Mashua ikaondoka bila mimi.

Dani alinitengea kikombe, sahani na taulo, akaniweka chumbani peke yangu. Alimtuma mvuvi kwa muuguzi wa zahanati ng'ambo, naye akaleta dawa ya homa, losheni ya kutuliza mwasho, na agizo: mtu mzima huugua tetekuwanga vibaya kuliko mtoto, basi nikianza kupumua kwa shida nipelekwe hospitali mara moja. Dani alinikata kucha, na akinikuta najikuna alinipiga kikofi. Uji nao haukuisha. Mgonjwa haulizwi uji, alisema. Homa ilinikamata hata nikaanza kumuusia mambo ya kaburi langu. Akacheka tu, akaniogesha kwa maji ya vuguvugu.

Hatimaye homa ikashuka. Vipele vipya vikaacha kutoka, vya zamani vikakauka vyote vikawa magamba. Ndipo aliponifungulia njia.

Nilipofika Homa Bay, dada alinipokea kwa uso mkavu. Alidhani nilimdharau kwa kuchelewa. Nilipomwonyesha makovu na kumweleza, aliniwekea mtoto mapajani. Ngozi yake ilikuwa safi, haina hata doa. Nilimshika, mwanangu, nikawaza mikono yangu ingemletea nini siku ile.

Basi nisikie. Upele wenye maji ukitokea nyumbani mwako, usikimbilie laana, wala usiufiche chini ya leso. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwonyeshe mhudumu wa afya. Mgonjwa akae mbali na mjamzito, mtoto mchanga na mtu mwenye mwili dhaifu, mpaka kila kipele kikauke. Asichangie taulo, asijikune. Lakini kumtenga si kumtupa: ahudumiwe na aliyekwisha kuugua, apewe chakula na neno jema. Na ukiwa wewe ndiye mgonjwa, yule unayemtamani zaidi ndiye wa kumkalia mbali kwanza. Kuna upendo wa kwenda, na kuna upendo wa kubaki.

Mungu akulinde na watoto wako, mwanangu. Akupe afya, na siku ya kuugua akupe mtu asiyeogopa kukugusa.