Kanuni ya Vikao Vitatu

Kanuni ile niliitunga mwenyewe, na sina wa kumlaumu. Miaka michache baada ya uhuru nilikuwa karani wa kamati ya kijiji kule Dundori, na kamati ilikuwa imeanza kutoa cheo cha Mzee wa Heshima. Aliyekipata alipewa fimbo, kiti cha mbele barazani, na haki ya kusalimiwa kabla ya mwenyekiti. Walikuwa wawili tu. Wa kwanza alikuwa mheshimiwa mmoja mwenye tumbo na ahadi nyingi, ambaye tangu apokee fimbo hatukumwona tena. Wa pili alikuwa Mhindi mwenye duka mjini Nakuru, aliyetupa mabati ya kuezekea shule.

Mwenyekiti alitaka mheshimiwa atoke bila kelele. Nikaandika, nikijiona mjanja kweli kweli, kwamba atakayekosa vikao vitatu mfululizo bila barua ya udhuru amevuliwa cheo, na karani ataifuata fimbo. Mheshimiwa naye si mjinga. Kila kikao dereva wake alileta barua, akaondoka na gunia la viazi. Aliyekosa bila barua ni yule Mhindi, ambaye kifua kilimbana msimu wote wa mvua. Alidhani usipoonekana, watu watauliza.

Mimi nilijua anaumwa. Mke wangu alikuwa amerudi kwao na hakuniaga; mke wake yeye alikuwa amefariki na watoto wamehamia Uingereza. Kila Jumapili nilishuka kwake tukanywa chai, tusiseme mengi, na wiki nzima sikuwa na mtu mwingine wa kunywa naye. Lakini jina lake liliposomwa barazani kuwa amevuliwa cheo, nilinyamaza. Siku zile kumtetea Mhindi mbele za watu kulikuwa kujitafutia maneno, nami niliogopa. Naona haya mpaka leo.

Jumatatu nilienda kuichukua fimbo. Alifurahi kuniona siku isiyo yangu, akabandika maji. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliingia ndani, akatoka nayo, akanikabidhi kwa mikono miwili.

“Baraza ya Jumamosi, mimi naweza kuja bado?” akauliza. “Kiti hapana lazima. Mimi nakaa nyuma.”

Nilimjibu kwamba kanuni haikatazi.

Alikuja kwa basi, amevaa koti lake la harusi na misiba, akaketi kwenye nyasi nyuma ya akina mama. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwamkia. Nikaanza kusoma majina ya waliohudhuria. Daftari langu lilikuwa na orodha mbili, ya wenyeji na ya wazee wa heshima, na yeye hakuwa tena katika yoyote. Nilipokaribia mwisho nilimwona ameinua uso, ameweka mkono tayari kuitika. Ningeweza kulitaja tu jina lake. Nilifunga daftari nikaketi.

Jumapili, kesho yake, nilishuka mjini kama kawaida na nikabisha. Nilikuwa nimekusudia kumwomba radhi. Alifungua mlango, akanikaribisha vizuri, akanivutia kiti, akabaki amesimama. Kisha akaniuliza kamati imenituma kwa shauri gani.