Mihayo na Ukoo wa Katuni

Mihayo alikuja huku machimboni Bukombe kuchimba dhahabu, akaishia kuwatafsiria watu viboko. Alitoka Kishapu na nguvu zake zote, akashuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, miezi michache tu, kisha udongo ukamporomokea mguuni. Mguu ulipona, lakini ulipona unavyojua wenyewe, na mtu wa mguu ule hashuki tena shimoni. Kurudi Kishapu hakutaka. Kaka yake alimwonya tangu mwanzo abaki alime pamba, na kaka yule ni mtu wa kurudia maneno. Mama Vaileth, mwenye kibanda umiza chetu cha kuoneshea filamu, akamwonea huruma, akampa maikrofoni akae kando ya runinga atuambie kwa Kiswahili wanachosema wazungu. Zaidi ya maikrofoni ile Mihayo hakuwa na kitu cha kumweka hapa, na alilijua hilo vizuri.

Kiingereza chenyewe alikuwa nacho cha kuombea maji. Hatukumlaumu, maana sisi hata hayo maji tusingeyapata.

Mvua zilizopita, maduara yalipojaa maji tukakosa pa kwenda, Mama Vaileth alileta katuni ya kuchekesha ya familia ya viboko wanaoishi ghorofani. Tulicheka vizuri hadi alipopita punda. Viboko walikuwa na rangi zao zote, lakini punda huyu alikuwa mweusi na mweupe kama picha za harusi za bibi zetu, kavaa viatu vikubwa, anatembea kwa kudundadunda. Aliingia sebuleni, akaangukiwa na kabati, akaondoka zake. Ndani ya runinga watu wakacheka hadi basi. Kibandani tukatazamana.

Mihayo akampigia simu dada yake, Asteria, anayewawekea watu filamu kwenye flashi pale Shinyanga mjini. Asteria akamwambia punda yule ametoka kwenye katuni za zamani, za enzi za mababu, na waliochora viboko wanamtania tu. Kuna wengine watakuja, alisema, kila kipindi kina wa kwake.

Mtu mwenye akili za kawaida angetuambia hivyohivyo. Mihayo aliona soni kututangazia kwamba mzaha wenyewe hautuhusu. Siku iliyofuata punda alipotokea, alishika maikrofoni akasema, "Huyu ni mjomba wa hawa watoto, yeye na mama yao wamechangia tumbo. Amekuja kusalimia, na kama kawaida yake amekuja saa ya chakula."

Kibanda kilitikisika kwa kicheko. Hakuna aliyeuliza kiboko na punda wanachangiaje tumbo. Ndugu wa namna hiyo kila mtu anaye kwao.

Basi ikawa ndiyo kazi. Mbuni mwenye kofia akafanywa shangazi aliyeachika. Jogoo wa kijivu akawa baba mdogo aliyekimbilia Ushetu kulima tumbaku ili asichangie msiba. Watu walikuja kutoka machimbo ya jirani, si kwa ajili ya viboko, bali kujua leo amekuja ndugu gani. Mihayo akaanza kuvaa shati la kuchomekea, na mimi nikafurahi kwa ajili yake.

Kisha kikafika kipindi cha mwisho. Punda alitokea kanisani, kavaa suti, kando yake binti mkubwa wa kiboko na shela. Wakavishana pete. Runinga ikacheka peke yake.

Mzee Cornel, mchimbaji aliyewaoza mabinti zake wote kwa utaratibu, akasimama.

"Shikamoo, mzee," Mihayo aliwahi.

"Marahaba. Mjomba anamwoa mtoto wa dada yake. Ng'ombe za mahari anapokea nani?"

Mihayo akaishusha maikrofoni. "Mzee, hawa si ndugu," alisema. "Niliwatungia. Huyu ni punda wa katuni nyingine, ya zamani sana. Hawa wa sasa wanamtania."

Hatukumwamini. Ule uongo tuliumeza wiki nzima bila maji, ila ukweli tukautakia ushahidi. Mama Vaileth, Mkatoliki wa Ushirombo, alikuwa amechukia kweli kwamba ndoa ile imefungwa ndani ya kibanda chake.

"Baba Nelly," alimwambia Mihayo, akimwita kwa jina la mwanawe, "utuoneshe hiyo katuni ya zamani. Ukishindwa, maikrofoni nampa mwingine."

Asteria alituma flashi kwa basi. Jumapili baada ya misa kibanda kilijaa hadi mlangoni, na Mihayo alikuwa ameshikilia maikrofoni kwa mikono miwili. Punda akatokea, yuleyule, na viatu vyake. Hapakuwa na neno hata moja, ni kinanda tu na punda anayetaka kulala huku kitanda kikimkimbia.

"Huyu sasa," Mihayo alianza, "ndiye yule punda, na hicho kitanda..."

"Nyamaza tuone," Mzee Cornel alimkatiza, macho yakiwa kwenye runinga.

Kitanda kilipanda ukutani. Mzee Cornel alicheka mpaka akakohoa. Mimi nililia kwa kicheko, wanawake wa mlangoni walishikana mabega, na hakuna aliyeuliza punda ni mtoto wa nani. Mihayo naye alicheka, kisha nikamwona anaacha.

Ilipoisha, wote walitaka irudiwe. Mama Vaileth alikuja mbele, uso umenawiri, akaichukua maikrofoni mkononi mwa Mihayo na kuanza kuviringisha waya wake.

"Wabeja sana, Baba Nelly," alimshukuru kwa Kisukuma, na alimaanisha. "Umetuletea kitu. Hiki hata bila wewe kinaenda."

Mihayo akamwitikia kwa heshima, kisha akaja kukaa nasi kwenye benchi la watazamaji, akasogea kidogo, maana kuna mtu mwingine alikuwa anataka kukaa.