Kipande Kilichobaki Kwenye Kopo

Kliniki ni ya mwanangu, lakini madeni yalikuwa yangu. Yeye amesoma, anaona haya kumtazama mtu usoni na kumwambia lipa. Mimi sina masomo zaidi ya madrasa na miaka miwili ya ngumbaru, na haya sina. Nilikaa kwenye benchi mlangoni, mtaani Iftin, kopo la maziwa ya unga likiwa miguuni. Ndani ya kopo mlikuwa na vitambulisho vya watu.

Ukishindwa kumaliza malipo, unaacha kipande, hicho kitambulisho chako, unalipa kidogo kidogo kila siku ya soko la mifugo, ukimaliza unakichukua. Zamani waliacha simu na pete, kisha hawarudi. Kipande nilikichagua mimi. Mtu wa huku bila kipande havuki daraja la kwenda Nairobi. Askari wanashusha basi zima, asiyenacho anabaki kando ya barabara na mizigo yake. Nilijua hilo, ndiyo maana nilikichagua.

Muuza maziwa mmoja aliacha chake binti yake alipojifungua kwetu. Binti akamfuata mume Nairobi, deni likabaki kwa mama. Alikuwa amelipa, akalipa, zimebaki elfu mbili na mia tatu. Asubuhi moja akaja mbio, ndala moja imekatika.

"Eddo, nipe kipande changu. Basi linaondoka saa mbili." Eddo ni shangazi, wengi huniita hivyo, wakiwa na shida.

"Na pesa?"

"Siku ya soko, wallahi. Binti yangu yuko hospitali, anatokwa na damu. Ananiita mimi tu."

"Wallahi yako naisikia kila soko. Ingekuwa inaliwa, ningekuwa nimenenepa."

Wagonjwa kwenye benchi wakacheka. Nami nikafurahi walivyocheka.

"Eddo, alizalia hapa. Wewe mwenyewe ulimshika mkono."

"Nilimshika. Sasa nataka mkono huo ulipe."

Mwanangu akatoa kichwa mlangoni. "Hooyo, mama yangu, mpe tu aende."

"Wewe rudi ndani ukadunge watu sindano. Ukigawa dawa bure, kesho utagawa na mlango."

Akarudi ndani. Yule mama hakuniomba tena. Alivua ile ndala iliyokatika, akaondoka nayo mkononi.

Nilisikia baadaye kwamba alimpeleka mbuzi wake wa maziwa, aliyekuwa bado ananyonyesha, kwa dalali. Si siku ya soko, kwa hiyo dalali alimpa bei aliyotaka yeye dalali. Adhuhuri akarudi, noti zimefungwa kwenye pindo la shuka. Nikahesabu mara ya kwanza, zimetimia. Nikaanza mara ya pili, kwa sababu ndivyo nilivyohesabu za kila mtu.

Simu yake ikalia. Akasikiliza. Akakaa chini, si kwenye benchi, sakafuni. Nikaelewa. Nikaendelea kuhesabu, kwani nilikuwa nimefika elfu na mia saba.

"Innalillahi," nikasema nilipomaliza. "Zimetimia. Chukua kipande chako."

"Wanazika alasiri," akasema. "Hawawezi kuningoja."

"Chukua."

"Kaa nacho, eddo. Nitaenda wapi nacho?"

Basi la saa mbili lingemfikisha saa nane. Maiti ilioshwa saa nane na nusu, na wanawake ambao marehemu hakuwajua. Hesabu hiyo hakunipigia mtu. Niliipiga mwenyewe, na nimeirudia kama ninavyorudia zote.

Wiki ile mwanangu alirudisha vipande vyote bila kuniuliza, akaniondolea benchi. Kikabaki kimoja, cha yule mama. Nimempelekea mara mbili sokoni, mahali anapouza maziwa. Mara zote mbili alinipimia maziwa yangu, akajaza hadi juu, akapokea pesa, akahesabu mara mbili mbele ya watu. Kisha akakiweka kipande juu ya kifuniko cha chombo changu, akamwita mteja mwingine.