Chuma Hakina wa Kukutwika

Siku niliyoingia hapa kijijini kwetu Nyarusange na chuma kichwani naikumbuka vizuri, mwanangu, na nikiikumbuka nacheka peke yangu hata nikiwa kanisani. Wewe Chantal, mtoto wa kaka yangu, jana umeniuliza ununue ketibeli, hicho chuma cha mazoezi, ya kilo ngapi. Ukanionyesha kwenye simu ile ndogo ya rangi ya waridi na ile kubwa nyeusi, ukataka nikujibu hapo hapo. Sikukujibu. Swali lako lina hadithi, na hadithi hiyo ilinigharimu ukucha wa kidole gumba cha mguu. Kaa, kunywa chai yako, nikusimulie.

Kwanza usizione mvi hizi ukadhani nimezaliwa navyo vyuma mkononi. Niliyaanza mambo haya wakati nasubiri mjukuu wangu wa kwanza, kwa hiyo kwenye hili nilikuwa msichana juzi tu, tena msichana mwenye kichwa kigumu.

Sababu ilikuwa mkono. Nilianguka na baiskeli kwenye mteremko wa kutoka sokoni, mimi na ndizi zangu, mkono wa kushoto ukavunjika. Walipoifungua plasta nilikuta mkono wa mtu mwingine: mwembamba, hauna joto, haushiki hata sufuria ya ugali. Yule mtu wa viungo pale hospitali akaniambia mfupa umeunga, kilichobaki ni kazi. Nitafute kitu kizito chenye mpini, niwe nakiinua na kukishusha kila siku, taratibu, mpaka mkono ukumbuke kazi yake.

Na wakati ule binti yangu Consolata, aliyeolewa kule Giteranyi, Muyinga, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Desturi yetu unaijua. Mtoto akizaliwa tunakwenda kumhemba mzazi, kumpongeza na kumpelekea chakula na kinywaji, na mama yake ndiye anayetangulia na kapu kichwani. Akifika, anawekewa mjukuu mikononi. Mimi nikawa najiuliza: watanipa mtoto, au watautazama mkono wangu, wampitishe kwa mwingine kwa heshima? Mwanangu, omba usiheshimiwe namna hiyo. Inauma kuliko tusi.

Nikaenda Gitega mjini kwa Saidi, fundi wa kuchomelea, nyuma ya soko. Kwao ni mafundi tangu babu yao, watu wa milango na vitanda na majiko. Siku hizi vijana wanaokimbia barabarani Jumamosi asubuhi wanamwagiza ketibeli, naye anawaundia kwa vyuma chakavu: chini bapa, katikati mviringo, juu mpini, utadhani birika lililokatwa mdomo. Alikuwa amezipanga chini kwa ukubwa, kama watoto wa mama mmoja.

"Mama, we chukua hii kadogo," akaniambia, akionyesha moja aliyoipaka rangi nyekundu. "Iko ya bamama. Iko mwepesi, haina shida."

Hapo akawa amenichokoza. Ya kina mama? Mimi, Imelda? Mimi nilikulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, na pale bomba la maji nilikuwa na jina langu. Wenzangu wakibeba ndoo, mimi nabeba bidoni, dumu la lita ishirini, kichwani, silishiki, na njiani nacheza. Tangu hapo nimebeba mihogo, nimebeba kuni, nimebeba matofali ya nyumba hii uliyokalia. Nikamwambia Saidi anipe ile kubwa kuliko zote.

"Ile iko ya bajeune, mama. Iko na kilo kumi na sita. Iko muzito kabisa."

Ya vijana! Nikasema naijaribu. Sasa sikiliza vizuri, maana kosa hili hao wa kwenye simu yako hawalijui, ni letu sisi wenyewe. Nilivua kitenge cha begani, nikakiviringa ingata, nikaiweka kichwani, nikamwambia Saidi anitwike. Akanitwika. Nikatembea mpaka kwenye milango iliyoegemezwa ukutani, shingo wima, nikageuka kwa maringo, nikarudi. Uzito wala sikuusikia. Mafundi waliacha kazi zao wakanipigia makofi. Nikalipa, na mpini wenyewe sikuwa nimeushika hata mara moja.

Yaani chuma cha mkono nilikipima kwa kichwa. Nilishuka garini njia panda, kondakta akanitwika, nikashika njia ya nyumbani na mzigo wangu. Wanawake waliokuwa wakilima maharage waliinuka kunitazama, wakaniuliza, "Imelda, umebeba nini?" Nikawajibu nimebeba mkono wangu mpya. Walicheka mpaka wakaegemea majembe, na mimi nikaenda naimba.

Nilipofika uani nikagundua siwezi kukitua. Mkono wa kulia peke yake hautoshi, wa kushoto hautaki, na nikiinama kinaniangukia. Nyumbani alikuwepo mama mkwe wangu tu, naye hakuwa mtu wa kutua mizigo tena. Nikasimama katikati ya ua kama nguzo, kuku wananizunguka, nangoja mtu. Mume wangu alirudi na majani ya mbuzi, akanitazama, akayaweka majani chini polepole, akauliza, "Hii ni dawa au ni adhabu?" Kisha akanitua, na mpaka leo akitaka kunikera ananiuliza hivyo hivyo.

Kesho yake nikaanza kazi. Kwa mkono wa kushoto hakikuachana na ardhi. Kwa mikono yote miwili kilipanda mpaka magotini, halafu kikajishukia chenyewe: puu. Ikawa kila asubuhi puu, na kila puu najiambia kesho kitakubali. Asubuhi moja kikashukia kwenye kidole. Ukucha uliiva ukawa mweusi, nami nikavaa soksi nikanyamaza, maana mwenye kiburi huugua kimya kimya.

Mama mkwe wangu, Bibi Serafina, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa haoni tena. Lakini masikio yake, mama wee. Alimjua kuku aliyetaga kwa sauti yake, na mgeni kwa namna anavyofuta miguu. Asubuhi hiyo akaniita mlangoni kwake.

"Imelda mwanangu, ni nani huyu anayeanguka uani kwangu kila siku?"

"Ni chuma, mama. Kile cha mkono."

"Kinaanguka chenyewe?"

"Ninakishusha, mama."

Aligeuza sikio upande wangu. Kisha akasema, bila ukali wowote, na ndiyo maana yakaniingia, "Na mtoto wa Consolata utamshusha hivyo?"

Nilikaa kwenye mkeka wake nikalia, sikufichi. Naye akaniacha nilie, akaupapasa ule mkono mwembamba kuanzia begani mpaka vidoleni, kama anayechagua kuku wa sikukuu. Alipomaliza akacheka. Akaniambia, "Mzigo wa kichwani una wenyewe wengi. Kuna anayekutwika, kuna shingo yako, na kuna anayekutua. Umebeba tangu utoto wako, lakini hujawahi kubeba peke yako. Hicho chuma hakina wa kukutwika wala wa kukutua. Basi usijiulize utainua kipi. Jiulize utatua kipi."

Akaniagiza bidoni kuukuu la lita tano, lile lenye mpini wake, na mchanga, na bakuli la kuchotea. Yeye akaketi kizingitini. Nikatia bakuli moja. "Inua kwa mkono mgonjwa," akasema, "huo mzima uache, kamba hukatikia pabovu. Fikisha begani, kisha juu ya kichwa, kisha mrudishe chini polepole. Mimi nasikiliza." Umesikia? Alisema mrudishe, kana kwamba ni mtu. Nikainua, nikashusha.

"Sijasikia kitu. Ongeza."

Nikaongeza bakuli, nikainua, nikatua. Hajasikia. Nikaongeza tena. Haba na haba hujaza kibaba, na mimi nikaanza kunogewa, moyo wa bombani ukaanza kunirudia, nikatia bakuli limejaa mpaka linamwagika. Nikainua, likapanda vizuri tu. Kushuka, kiwiko kikatetemeka, bidoni likagonga ardhi.

"Hapo nimesikia," akasema Bibi Serafina.

"Mama, limegusa tu kidogo."

"Nimesikia. Na pumzi yako nimeisikia. Toa bakuli hilo la mwisho."

Nikalitoa. Nikafunga kizibo, na safari hii nikalibeba bidoni mkononi mpaka njia panda, nikibadilisha mikono njiani, nikapanda gari la Gitega. Saidi akalipima kwenye mizani, akapata kilo sita. Ile nyekundu ya kina mama ilikuwa nyepesi kuliko bidoni langu, ingenilaza tu mkono. Tukatafuta katikati ya mstari, tukaipata moja haina rangi, imejikalia kimya. Sasa ndipo nikaushika mpini. Nikakuta pale alipochomelea pana vijinundu vinavyokwaruza kiganja, nikamwambia apige tupa mpaka palainike. Akapiga, huku anatikisa kichwa. "We mama, safari ile ulinunua ka mwanamume, leo unanunua ka mukwe mwenye kuchagua."

Kuanzia hapo ua wetu ulinyamaza. Kila asubuhi nilipomaliza, Bibi Serafina aliniuliza kutoka ndani, "Leo umefanya mazoezi?" Namjibu nimefanya, mama. "Mbona sijasikia?" Tunacheka wote wawili, halafu nampelekea uji wake. Ikawa ndiyo salamu yetu. Mkono nao ukaanza kurudi, leo sufuria, kesho jembe, na furaha niliyokuwa nayo siwezi kuisema yote.

Consolata akajifungua mtoto wa kiume. Tukaenda Giteranyi, kapu kichwani, na hapo watu wa kunitwika na kunitua hawakukosekana. Nyumba ilijaa, nyimbo na pombe ya ndizi na vicheko. Mama mkwe wa Consolata alikuwa amempakata mtoto, na nilimwona anautazama mkono wangu. Ni mwanamke mwema. Akaniambia, "Mama Consolata, kaa tukuwekee mto, umshikie hapo hapo kwenye kiti."

Nikamwambia asante, nitasimama. Nikampokea kwa mkono wa kushoto. Akalia kama walivyo wao, nikatembea naye, nikamwimbia, akalala. Lakini kupokea mtoto si kazi, mwanangu, mtoto unatwikwa tu. Kazi ni kumlaza. Mkeka ulikuwa chini kabisa sakafuni. Nikakunja magoti, mgongo nikauacha wima, nikaanza kushuka naye. Nyimbo zilinyamaza, mmoja baada ya mwingine wakanyamaza wote, wananitazama. Kiwiko hakikutetemeka. Nikamfikisha kwenye mkeka, nikautoa mkono chini ya shingo yake, na mtoto hakufungua hata jicho.

Hakuna aliyesikia kitu. Nikatamani sana Bibi Serafina awe pale, asisikie na yeye.

Basi, Chantal, jibu lako ndilo hilo. Kilo mimi sikutajii, maana kilo zangu si zako, na za rafiki yako usiziazime. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bidoni liko nyuma ya jiko, bakuli liko ndani yake. Tia mchanga, inua kwa mkono wako dhaifu mpaka juu, kisha utue, huku umefumba macho na unasikiliza. Ukisikia kishindo, toa bakuli moja, hapo ndipo pako. Huenda ikawa sita kama mimi, na wewe kijana mzima huenda ikawa nane au zaidi, usione haya na usijisifu. Ukifika kwa fundi, shika mpini, vidole vifunge vizuri na kiganja kisikwaruzwe, na chini kuwe bapa kisibiringike. Usichaguliwe na rangi. Usichaguliwe na makofi pia. Makofi yalinipeleka nyumbani na chuma ambacho sikuweza hata kukitua. Na siku mkono ukikichoka kwa wepesi, rudi kwenye mchanga uongeze bakuli.

Ile kubwa bado ninayo. Ndiyo ile uliyojikwaa jana mlangoni. Nilikaa nayo muda mrefu inanitazama, na siku hizi naiinua kwa mikono miwili, naitua, na kuku hawashtuki.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe nguvu ya kuinua na subira ya kutua. Mizigo atakayokutwika, akupe na watu wa kukutua. Na ule utakaoubeba peke yako, siku ukiulaza chini, asiamke mtu.