Mafuta ya Kivumbasi Puani mwa Mwanangu

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara, kila mtu Songea aligeuka mfanyabiashara. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliuza mafuta ya kivumbasi.

Kivumbasi ni dawa, sikatai. Kinaota porini, harufu yake inapanda mpaka kichwani. Kwetu tunachemsha majani, unamfunika mtoto khanga karibu na mvuke, kamasi linalegea, kifua kinafunguka. Mafuta yenyewe yanatoka na ule mvuke. Lakini mvuke hauuziki, na wifi alitaka kitu cha kutia kwenye kichupa.

Baridi ya Juni ilimbana kifua binti yangu, hata kukaa alikuwa hajajua vizuri. Nikatoka kuteka maji. Niliporudi, wifi amekaa uani na kapu lake la vichupa, amempakata, kamlaza kichwa nyuma, anamdondoshea puani.

“Umemtia nini?”

“Dawa, wifi. Tulia. Kule mtaa wa Msamala wanaigombania.”

Mtoto akakohoa mara moja, halafu kimya. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Nikampokonya, nikampiga mgongoni. Wapi! Basi nikafanya wanavyofanya mama zetu mtoto akizibwa pua: nikaweka mdomo, nikafyonza.

Kamasi la mwanao halichukizi. Lakini kilichokuja mdomoni kilikuwa dagaa! Dagaa wa Nyasa, mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mpaka yakaoza, na kijicho cha samaki kikanasa kwenye jino. Nikatema. Nikafyonza tena.

Akalia. Kilio kikubwa, cha hasira.

“Haya mafuta umetoa wapi?”

“Kwenye kikaangio. Kwani mafuta si mafuta? Majani nimeyachemshia humo humo.”

“Na kichupa?”

“Kichupa cha dawa ya sindano. Nimeokota kwenye shimo la taka nyuma ya zahanati. Nimekiosha bwana!”

Nilimwita mchafu, na maneno mengine ambayo mama mkwe hajanisamehe hadi leo. Wifi hakujali. Jirani alikuwa amekuja kuchungulia, kichanga mgongoni, nacho kinakoroma kifua.

“Si unasikia sauti hiyo?” wifi akamwambia, akimwonyesha wangu anavyolia. “Tone moja tu, kifua kimefunguka.”

Jirani akauliza bei.

Nikamweka mwanangu begani, nikachukua mchi wa kinu, nikaviponda vichupa vyote vya kapuni pale uani. Wifi akapiga mayowe. Harufu ya dagaa ikatanda, jirani akaziba pua.

“Mlete mwanao ndani,” nikamwambia. “Maji yapo jikoni. Majani nitachuma mwenyewe.”