Chui wa Pango la Jozani

Nilikwenda kuishi pembeni mwa msitu wa Jozani kwa sababu ya ndoa, si kwa kupenda. Nilikuwa mtoto wa Mji Mkongwe, nimekulia nyumba ya ghorofa iliyobanwa na vichochoro, na shamba kwangu palikuwa mahali pa kwenda kula maembe na kurudi kabla ya magharibi. Baada ya Mapinduzi nyumba yetu ilianza kupungua watu. Baba alikuwa ameshakufa. Kaka zangu waliondoka, mmoja kwa njia ya Mombasa, mwengine mpaka leo sijui alipita wapi. Mama akapokea posa ya mwanamume wa shamba mwenye kazi ya serikali, akaniambia, "Kule hakuna atakayekuuliza wewe mtoto wa nani." Mume wangu alikuwa mlinzi wa msitu.

Msitu ule serikali iliuwekea mipaka tangu zamani, na kukata mti humo bila ruhusa lilikuwa kosa. Kazi yake ilikuwa kuizunguka mipaka hiyo, kuangalia miche ya miti ya mitondoo iliyopandwa, na kuwakamata wanaoiba boriti na kuni. Alivaa kaki na kuchukua panga. Alikuwa mtu mpole, mwenye aibu hata mbele yangu, na alipomkamata mwizi wa kuni alikuwa anaona haya kuliko mwizi mwenyewe.

Nilidhani msitu ni kivuli tu. Kumbe Jozani ilikuwa maji. Wakati wa masika maji hayakuja kwa mto wala kijito, yalipanda kutoka chini ya ardhi na kusimama baina ya mizizi, meusi kama chai kavu, na mikangaga ikaota humo kupita kimo changu. Michikichi na mikindu ilisimama imetia miguu ndani ya maji kwa miezi. Harufu ya majani yaliyooza iliingia mpaka kwenye nguo nilizoanika. Ukitoka kwenye unyevu huo ukaelekea mashariki, ardhi inabadilika mara moja, unakanyaga maweni, yaani mawe ya matumbawe yaliyochongoka, na vichaka vya miiba visivyokupita kiunoni. Humo ndimo walimokaa paa nunga, wadogo, rangi ya kutu, ambao ukisema umemwona basi umeona mgongo tu unapotea. Upande wa pili msitu uliishia kwenye mikoko na tope.

Kima punju walikuwa wengi kuliko majirani. Wana mgongo mwekundu, uso mweusi, na nywele nyeupe zilizosimama kwenye paji kama za mzee aliyeamshwa ghafla. Wanakijiji hawakuwapenda. Walisema mti wanaoulalia hufa, na mbwa akila nyama yao hupukutika manyoya. Kima hao walikuja mpaka jikoni kwetu kuokota makaa yaliyozimika, wakakaa juu ya ukuta wakiyatafuna taratibu. Mwaka wa kwanza niliwafukuza kwa ufagio. Baadaye niliwaacha, kwa kuwa mchana kutwa hapakuwa na mwengine wa kutazamana naye ila mama mkwe wangu, na yeye hakuwa mtu wa kukaa.

Alikuwa mjane, mwembamba, mwenda mbio, mwenye ulimi usiojua kuzunguka. Alisuka misala, mikeka ya kusalia, na kuiuza, na ukindu wake alikwenda kuukata mwenyewe msituni. Maji ya kunywa pia aliyafuata mwenyewe. Kisima cha kijiji kila kiangazi kilikuwa na chumvi, lakini ndani ya maweni kulikuwa na pango, na chini ya pango maji baridi, matamu. Watu wengi waliliogopa pango lile. Yeye alikwenda kila asubuhi, na nilipozoea akanichukua.

Siku ya kwanza alinionesha alama za nyayo kwenye tope, kando ya maji.

"Paka?" niliuliza.

"Paka mkubwa," alisema, akaanza kuteka.

"Mama, turudi."

"Kapita alfajiri. Yeye anakunywa anakwenda zake, na mimi nnakunywa nnakwenda zangu. Hebu nipe ndoo yako."

Chui yule nilimwona mara moja tu akiwa hai. Tulikuwa tunatoka pangoni na jua limeshapanda. Alikuwa amelala juu ya jiwe, mdogo kuliko nilivyomdhania, na madoa yake madogo madogo yamesongamana, hata ukitazama vibaya unaona kivuli cha majani. Alituangalia. Kisha akashuka upande wa pili bila ya haraka na bila ya sauti yoyote. Nikakaa chini palepale njiani. Mama mkwe aliweka ndoo chini akanisubiri, na hakunicheka.

Miaka ile vyakula vilianza kuadimika. Mchele ukawa wa foleni, sukari ikawa habari, na mtu mwenye mbuzi alikuwa mtu. Jirani yetu alifuga mbuzi, na mbuzi wake wakaanza kupotea. Wengine walionekana wameliwa, wengine hawakuonekana kabisa. Kwetu Unguja watu waliamini kwamba kuna chui wa mwituni na kuna chui wa kufugwa, na huyo wa kufugwa ana mwenyewe, anayemlisha na kumtuma kwa anaowachukia. Kwa hivyo mbuzi akipotea watu hawakuuliza chui yuko wapi. Waliuliza ni wa nani.

Mama mkwe alijitia mwenyewe kwenye mdomo wa watu. Tulikuwa kwenye khitma ya mtu wa kijiji, wanawake tunapakua chakula, na mke wa jirani akasema wanaogopa hata kutoka nje. Mama mkwe akamwambia, "Mnaogopa bure. Nakunywa naye maji pamoja, hajanigusa." Alisema kumtuliza. Niliona upawa ukisimama mkononi mwa yule mwanamke.

Haukupita muda wakaja wawindaji kwa lori, na bunduki, mbwa na mitego ya chuma. Walikuwa wanapita vijiji kumaliza chui na kuwatafuta wanaowafuga. Kiongozi wao, watu walisema, alikuwa mganga pia. Mume wangu aliamrishwa awaoneshe njia za msituni, na akawaonesha, maana amri ilitoka kwa wakubwa wake. Alirudi nyumbani hajala, akaniambia wamepiga paa kwa ajili ya kitoweo, mbele yake, ndani ya mipaka anayoilinda.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, kijiji kizima kiliitwa mbele ya msikiti. Mama mkwe aliitwa katikati. Hakuketishwa.

"Bibi, chui wako umemweka wapi?" yule kiongozi aliuliza.

"Mimi nafuga kuku. Chui sina."

"Pangoni unafuata nini?"

"Maji."

"Kisima si kipo?"

"Kina chumvi. Waulize hawa, wote wamekunywa chai yangu."

Nilimtazama mke wa jirani, naye akatazama mchanga.

Wakampa dawa kwenye bakuli, maji yenye rangi ya majani. Akasema bismillahi akanywa yote. Tulikaa kumtazama. Jua lilipoanza kulala alitapika, palepale, na kiongozi akasema huo ni uongo unatoka. Akasema kuwa wenye kukiri wanasamehewa, na wenye kukataa wanapelekwa mjini. Hakufafanua, na hapakuwa na haja. Miaka ile kila mtu alikuwa na jamaa aliyepelekwa mahali kuhojiwa na akawa hasikiki tena. Kisha akamgeukia mume wangu. "Na wewe mlinzi, unakula mshahara wa serikali, na mamaako anafuga wanyama wa kula mali za wananchi."

Mume wangu alitoka kwenye safu ya wanaume akaenda kupiga magoti mbele ya mamaake. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Mama, sema ni wako. Wallahi wakimpata chui watakuacha."

"Unataka niseme uongo mbele ya msikiti?"

"Nataka ulale nyumbani leo."

Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira usoni. Ingekuwa hasira ningeielewa. Alimtazama kama mtu anayejaribu kumkumbuka. Halafu akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akainua kichwa na kusema kwa sauti ya kusikika na wote, "Haya. Ni wangu."

"Umempata kwa nani?"

"Kwa Mungu. Nyinyi mbuzi wenu mmewapata kwa nani?"

Asubuhi walimtanguliza mbele mpaka pangoni, kwa kuwa walisema chui hawezi kumdhuru mwenyewe wake. Nilimfuata. Nilikuwa na mimba changa na mume wangu alinikataza, lakini sikuweza kumwacha mwanamke yule peke yake na wanaume wale na mbwa wao. Walitega chuma kando ya maji, pale pale penye tope. Siku iliyofuata chui alinasa mguu, wakampiga risasi, wakamleta kijijini amening'inia kwenye mti uliobebwa na watu wawili. Watoto walimvuta masharubu. Jirani yetu alimpiga teke, kisha akarudi nyuma, nadhani hata yeye alishangaa jinsi chui alivyokuwa mwepesi.

Mama mkwe alisogea akainama. Akaligusa tumbo la mnyama kwa vidole.

"Ana maziwa," alisema. "Ana watoto."

"Watakufa wenyewe," kiongozi akajibu, na kazi ya kuchuna ikaanza.

Tulikwenda kuwatafuta watoto hao, mimi na mama mkwe, bila ya kumwambia mtu. Tulizunguka maweni mpaka ndala zangu zikakatika. Hatimaye tukasikia sauti nyembamba, kama ya mlango unaosuguana, ikitoka chini ya mawe. Mama mkwe alilala kifudifudi akatia mkono kila ufa, miiba ikamchana mpaka begani, na kila tulipodhani tumefika sauti ilikuwa mahali pengine. Matumbawe yale yana mashimo ndani kwa ndani. Tuliondoka jua linazama. Kesho yake tulirudi na sauti ilikuwa bado ipo, imefifia. Siku iliyofuata tulikaa juu ya mawe yale asubuhi nzima. Kororo, ndege wa jamii ya kanga, walipita wakipekua majani. Chini hapakusikika kitu tena.

Tangu siku ile mama mkwe hakusema tena na mwanawe. Alimpikia, alimfunikia sahani, alimfulia kaki yake na kuianika vizuri. Akiingia, yeye alinyamaza, na akitaka kumwambia kitu aliniambia mimi, hata mwanawe akiwa amekaa baina yetu. Mume wangu alijaribu. Alimnunulia kanga, akaiweka kitandani kwake. Kanga ile ilikaa palepale mpaka nikaitia sandukuni.

Kijiji nacho kilikuwa kimepata kilichokitaka. Mama mkwe amekiri kwa mdomo wake, na chui kapatikana pale pale pangoni, nani angesema vyengine? Misala yake haikununuliwa tena. Nilipojifungua mtoto wa kike hakuna mwanamke aliyekuja kuangalia mtoto maana alikuwa amepakatwa na bibi yake. Kule msituni wawindaji wengine walikuja na kuondoka, na mume wangu akaacha kusimulia alichokiona. Mbuzi wa jirani waliendelea kupotea. Kisha nguruwe mwitu wakazidi. Walitoka makundi makundi, wakafukua mihogo ya kila mtu, na jirani akaja kwa mume wangu kuomba mitego ya chuma, akaambiwa mitego imeshaondoka na wenyewe.

Mama mkwe alikufa kwa homa, wakati wa kiangazi. Alilala siku chache tu. Maneno yake mengi yalikuwa ya mambo ya nyumbani, kuku wangapi wametaga, ukindu upi umeshakauka. Mume wangu alikaa kizingitini mwa chumba, si ndani na si nje. Nilipotafuta wa kunisaidia kumwosha, nilidhani nitakuwa peke yangu. Mke wa jirani akaja bila ya kuitwa, akakunja mikono ya gauni, akaniuliza maji yako wapi. Tulimwosha pamoja. Alipofika kwenye mkono wenye makovu ya miiba alisita, akaniangalia, lakini hakuuliza na mimi sikueleza. Wanaume waliobeba jeneza walikuwa wachache kiasi kwamba mume wangu hakupata wa kumpokea mpaka makaburini.

Baada ya hapo aliomba uhamisho. Ilichukua muda kupatikana. Tuliondoka kwa lori lililobeba boriti za kujengea, maana mjini miaka ile kulikuwa kunajengwa, majumba ya ghorofa ya Michenzani yalikuwa yameanza kuinuka, na kila lori lililotoka shamba lilijaa miti. Tulikaa juu ya boriti, mtoto amelala mapajani kwangu. Tulipokuwa tumeshaupita msitu, mume wangu alisema bila ya kunitazama:

"Alinitaja?"

"Nani?"

"Mama. Alipokuwa anaumwa. Ulikuwa naye ndani. Alinitaja?"

Nilifikiria kumdanganya. Ingekuwa rahisi, na asingekuwepo mtu wa kunisuta. Lakini nilikumbuka kilichotoka katika uongo wa kumwokoa mtu, na nikashindwa.

"Hapana," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Ahsante," alisema. Akafunga kifungo cha shati kilichofunguka kwa upepo, akamchukua mtoto ili nami nipumzishe miguu, na tulipofika mjini tukaanza kushusha vyombo.