Mawimbi ya Mama na Mistari ya Chaki

Wifi yangu, dada wa mume wangu, tunamwita Chaki. Si jina alilopewa na mama yake. Ni kwamba tangu ajue kushika mkasi hajaonekana bila alama ya chaki usoni, mara shavuni, mara puani, maana akifikiri hujikuna kwa vidole vilevile vya kazi. Nimeolewa humu miaka mingi. Tumetaniana, tumenuniana, tumepatana, na ninayoyasema hapa nayasema kwa sababu nampenda. Nisingempenda ningenyamaza, na watu wa nyumba hii watakuambia kwamba mimi kunyamaza sikujaliwa.

Kazi yake ni mifarishi. Asiyejua mfarishi ni nini aelewe hivi: ni blanketi la tabaka tatu. Juu kuna uso wa viraka vilivyounganishwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Ukiziacha tabaka hizo bila kuzishika, pamba itahama na kujikusanya pembeni kama uji wa jana. Kwa hiyo lazima mistari ya mshono ipite toka juu hadi chini, izibane pamoja. Watu wengi hushona viraka wenyewe nyumbani, halafu wanampelekea Chaki awapigie mistari. Utadhani hiyo ni kazi ndogo. Mistari inaweza kuwa maua, majani, duara, miraba, chochote akili inachoweza kuchora, na ikikosewa, uso uliomgharimu mtu mwaka mzima unakuwa kituko.

Chaki hakosei. Watu walimjia kutoka mbali, wakapanda zile ngazi nyembamba nyuma ya kinyozi hadi kwenye chumba chake chenye meza ndefu, cherehani, taa yenye shingo, na uzi wa kila rangi ukutani. Alikuwa na msemo wake, kila mteja aliusikia: "Mshono mzuri hauonekani. Ukiona uzi kabla ya kitambaa, ujue fundi amejitangaza."

Sasa mama yake, ambaye mimi pia namwita Mama. Alishona mapazia maisha yake yote, mapazia ya maofisi, ya mahoteli, ya nyumba za watu ambao hakuwahi kuambiwa karibu ndani. Halafu akapata presha ya macho. Daktari alimweleza bila kumzungusha: kilichokwisha kupotea hakirudi, kilichobaki kitaondoka taratibu, dawa ya matone itachelewesha tu. Nilikuwa nimekaa naye pale kwenye benchi. Aliitikia "ndiyo daktari, ndiyo daktari", tukarudi nyumbani, akavua viatu, akaniambia, "Mwanangu, nimeshonea madirisha ya watu. Nishone kitu kimoja changu kabla taa haijazimwa."

Akaamua kushona uso wa mfarishi, akachagua mtindo wa mawimbi. Unaanza na mikanda mirefu ya rangi zinazofuatana, yeye alianzia buluu iliyokolea sana, ikafifia, ikaingia kijani, ikaishia nyeupe ya maziwa. Unaiunganisha yote ubavu kwa ubavu. Kisha unaikata upya kwa kukingama, vipande vingine vipana, vingine vyembamba kama utepe, na unapoviunga tena, kila kipande unakipandisha au kukishusha hatua moja kuliko jirani yake. Hapo rangi zinaanza kupanda na kushuka zenyewe. Panapokuwa na vipande vipana wimbi linakwenda kivivu, penye vyembamba linapanda ghafla. Mimi nilikuwa namtungia uzi kwenye sindano. Mwishoni alishona pua ikiwa karibu kugusa cherehani, namwambia, "Mama, utajishona kope," ananijibu, "Nikijishona, Chaki atanifumua."

Alipomaliza aliutundika ule uso kwenye kamba ya nguo uani, akasogea nyuma, akageuza kichwa huku na huku akitafuta pembe ambayo macho yake yalikuwa bado yanafanya kazi. Akaipata. Akasimama pale muda mrefu. "Mpelekee Chaki apige mistari," akasema. "Nataka nilale chini ya mawimbi yangu nikiyaona. Hata kama ni mara moja." Nikaukunja mwenyewe, nikaupeleka mwenyewe, na ujumbe nikaufikisha neno kwa neno.

Ungefikiri fundi kama yule angeupiga mistari wiki ileile. Kinyozi hajinyoi. Kazi za wateja ziliingia na kutoka, kazi ya Mama ikabaki mezani. Na si kwamba aliisahau, heri angeisahau. Kila nilipopita nilimkuta ametandaza nailoni juu ya uso wa Mama, ile nailoni ya wazi ya kufunikia meza, anachora juu yake kwa kalamu ya kufutika ili aone mstari utakavyokaa kabla ya kutia sindano. Anachora manyoya ya ndege, anasogea nyuma, anajikuna, anafuta. Anachora majani, anafuta.

"Wifi," nikamwambia siku moja, "huyo mwanamke anataka blanketi, hajaomba msikiti wala kanisa."

"Mawimbi yana mwendo tayari," akanijibu bila kuniangalia. "Nikitia majani, yatagombana nayo. Nikitia mistari iliyonyooka, itayakata. Nikiyafuata yenyewe kwa uzi unaoonekana, nitakuwa narudia alichokwisha kusema Mama. Ni kama kumsemea mtu mzima."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Kawia ufike," akasema, akafuta tena.

Nyumbani Mama alikuwa akiuliza, "Ameamua?" Nikimwambia bado, anatabasamu. "Ameniogopa," anasema. "Watu wengine anawapigia hata akisinzia." Alijivunia kuogopwa na binti yake kwa namna ile, nami nikashindwa kumwambia kwamba binti yake ananikera.

Asubuhi moja alikuwa anakunywa chai mezani. Alipomaliza akakiweka kikombe chini, isipokuwa pale alipokiweka hapakuwa na meza. Kikavunjika. Nikainama kuokota vigae, nikasikia anasema juu yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi imefika." Niliviacha vigae palepale nikaenda kwa Chaki, na nilivyopanda zile ngazi sikumsalimia. Nikamwambia, "Mama haoni meza."

Alilia. Nilimwacha alie, kisha nikamwambia achague. Akachagua. Ajabu ni kwamba baada ya kuzunguka kote huko aliangukia kwenye ule msemo wake. Mistari yote aliipitisha ndani ya maungio, pale kiraka kinapokutana na kiraka, kwa uzi wa nailoni usio na rangi, mwembamba kama unywele, ili kusionekane chochote ila rangi za Mama. "Bado anaona mwanga," aliniambia. "Tukiutandika karibu na dirisha, rangi zitamfikia. Uzi usimzuie hata kidogo." Alifanya kazi bila kupumzika, na ulipokwisha, niseme kweli, mimi nimeona mifarishi, sijaona kama ule. Ungeapa kwamba rangi zimepandana zenyewe. Mimi mwenyewe niliusifu.

Tukautandika kitandani kwa Mama, pazia wazi, jua limeingia. Mama akakaa ukingoni akageuza kichwa huku na huku kama siku ile uani. Safari hii pembe haikupatikana. Basi akaweka viganja. Akaupapasa toka upande wa kichwani hadi katikati, taratibu, akarudi, akaupapasa tena.

"Viraka navisikia," akasema. "Mawimbi siyasikii. Yako wapi?"

Chaki akashika kidole cha mama yake akakiongoza. "Hapa yanapanda, Mama. Hapa. Halafu yanashuka."

Kidole kikafuata kama kinavyofuata cha mtoto anayefundishwa herufi. Lakini alipokiachia, kikapotea. Kila upande kilikuta kona ya kiraka, na kona nyingine, na nyingine. Wimbi lilikuwa kwenye rangi peke yake, na rangi haina ukingo wa kushikwa na kidole. Wote watatu tulielewa kwa wakati mmoja. Chaki alikuwa ameuficha mstari pekee ambao Mama angeweza kuusoma.

"Si kitu," Mama akasema. "Una joto. Nifunikeni." Tukamfunika. Akauvuta hadi kidevuni, akalala mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Siku zilizofuata alikuwa hauachi. Akikaa sebuleni anaubeba, akija mgeni anamwambia, "Huu nimeshona mimi na binti yangu, niambie rangi zake." Mgeni anamwambia, naye anasikiliza kama anayesikiliza habari za mtu wake aliye safarini. Kwangu mimi yale yalitosha. Kwa Mama yalitosha pia, na namjua, hakuwa mtu wa kujifanya.

Kwa Chaki hayakutosha. Aliacha kula vizuri. Akija kutusalimia macho yake yanakwenda kwenye mfarishi kabla hayajafika kwa mama yake. Mwisho akasema anauchukua. Atafumua ule uzi wa nailoni wote, apige upya kwa uzi mnene wa pamba, mistari inayofuata mawimbi yenyewe, iliyoinuka, Mama aweze kuyapita kwa kidole kuanzia ncha hadi ncha.

"Acha, mwanangu," Mama akamwambia. "Nimeshauzoea. Niachie hivi hivi."

"Siku chache tu, Mama. Ninajua sasa unatakiwa uweje."

Nilimfuata mlangoni. Nikamwambia, "Wifi, usiuchukue. Amekuambia usiuchukue. Sasa hivi unajitibu wewe, si yeye." Akaniambia kazi hii siijui. Ni kweli siijui. Mama niliyemwogesha kila siku nilikuwa namjua, lakini hilo sikulisema, nilikuwa na hasira nikasema mengine ambayo hayafai kuandikwa. Akaondoka nao begani.

Uzi usioonekana ni uzi usiofumulika. Chaki aliyajua hayo kuliko mtu yeyote, na bado alijidanganya kuhusu zile siku chache. Ilibidi kila mshono autafute kwa miwani ya kukuzia, aupenyeze ncha ya sindano, aukate bila kukata kitambaa cha Mama, hatua kwa hatua, maungio mamia kwa mamia. Nilipokwenda kumkaripia nilimkuta macho yamemwiva, mgongo haunyooki, nikageuka nikashuka ngazi. Hali ya hewa ikageuka, asubuhi zikawa za baridi. Nilimfunika Mama kwa mablanketi mawili ya dukani, mazito, hakukosa joto. Lakini mkono wake ulikuwa unatembea juu ya blanketi ukitafuta maungio. "Umerudi?" ananiuliza. Namwambia bado. "Mwambie asijiumize," anasema. Siku nyingine hakusema hivyo. Siku nyingine alisema tu, "Nilimwambia aniachie."

Alifariki asubuhi moja kabla sijamletea chai. Daktari alisema moyo umechoka, na mimi namwamini. Sisemi baridi, sisemi mfarishi, na yeyote atakayesema hivyo mbele ya wifi yangu atanikuta mimi.

Watu wa mazishi walipokwisha kutawanyika, Chaki aliingia chumbani kwa mama yake na mfarishi. Akautandika. Nusu ya upande wa kichwani ilikuwa imekamilika, mawimbi ya uzi mnene mweupe yamepanda na kushuka, yameinuka vizuri, yanakatika katikati ya kitanda. Upande wa miguuni ulikuwa umefumuliwa tu, umelegea, pamba imeanza kuhama. Hakuwa na alama yoyote ya chaki usoni, maana alikuwa ameoga kwa ajili ya watu, na nikagundua kwamba nilikuwa simjui vizuri akiwa hivyo.

Akakaa mahali ambapo Mama alikuwa akikaa. Akafumba macho, akaweka kidole kwenye wimbi la kwanza, akalifuata. Kidole hakikupotea hata mara moja. Kilipanda, kikashuka, kikapanda, hadi mahali uzi ulipokwisha, kikasimama.

"Yanasikika, wifi," akasema. "Yanasikika vizuri kabisa."

Nikakaa karibu naye nikamshika bega. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba hakuna fundi angefanya vingine, kwamba Mama hakuwa na kinyongo, na maneno mengine ya kumtuliza mtu. Hakuningoja.

"Aliniambia nimwachie hivi hivi," akasema. "Nilimsikia. Nilimsikia mama yangu vizuri, wifi, na bado nikaubeba."